Mkia wa Bi Mashavu

Jamani, mpo?

Tupo!

Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha nyumbani?

Tumekuja nayo, na yana njaa!

Basi sogeeni, ila msibanane. Joto la leo si la kubanana.

Hapo kale, kale ya kale, ngiri walipokuwa bado wanakimbia na mikia yao chini, palikuwa na ngiri mmoja mama wa makamo aitwaye Bi Mashavu. Aliishi bondeni na mumewe, Mzee Kibindu, na binti yao, Kidawa. Kidawa alikuwa amechumbiwa na Shaweji, kijana ngiri wa ng'ambo ya kilima. Walipendana hao! Kidawa akitajiwa jina la Shaweji alikuwa anasahau hata alichokuwa anatafuna.

Sasa ngiri wa zamani walikuwa na desturi yao. Kabla ya harusi, bwana harusi huja kumlimia baba mkwe ngwe moja. Ngwe ni kipande cha shamba kilichopimwa kwa kamba, kuanzia hapa mpaka pale. Na siku hiyo mkwe ana miiko mitatu. Asinywe maji mpaka amalize ngwe. Asiguse tope, maana mkwe hachafuki mbele ya wakwe. Na yeye na mama mkwe wasitazamane usoni. Akivunja mmoja tu, harusi hakuna, arudi kwao na aibu yake.

Siku moja kabla ya kulima, asubuhi, akapita Mbayuwayu. Huyu ndiye alikuwa mtangaza hali ya hewa. Anaruka mbali, anaonja hewa ya huko na huko, kisha anarudi kuwaambia wenzake.

"Jamani wa bondeni!" akaita. "Kesho linakuja fukuto! Joto na unyevu pamoja! Wa milimani wana nafuu, wa bondeni mjihadhari. Kaeni kivulini, mnywe maji, kazi nzito iwekeni kando!"

Bi Mashavu akamtazama mumewe. Mzee Kibindu akacheka.

"Fukuto! Mimi nimezaliwa humu humu bondeni."

Jioni Mbayuwayu akapita tena, akasema yale yale. Bi Mashavu akasema, "Baba Kidawa, tuahirishe. Mwache kijana aje keshokutwa."

"Niahirishe nimealika watu? Watasema nini? Watasema mkwe wa Kibindu anaogopa hewa!"

Alfajiri ya siku yenyewe Mbayuwayu akapita mara ya tatu, anaruka chini chini, sauti imemkauka. "Ni leo, jamani! Ni leo!"

Mzee Kibindu akatoka nje, akatazama juu. Mbingu yote ilikuwa mawingu mazito ya kijivu, jua halionekani kabisa.

"Haya, nionyeshe hilo jua lenu," akamwambia mkewe. "Limejifunika. Leo ndiyo siku ya kulima, hakuna jua la kumchoma mtu."

Bi Mashavu naye akatazama juu, kweli jua halikuwepo. Lakini majani yalikuwa yametulia tuli, na hewa ilikuwa nzito kama shuka lililofuliwa likaanikwa bila kukamuliwa. Moyo wake haukutulia.

Shaweji akafika. Maskini, alikuwa amependeza! Amefunga begani shuka jeupe zito, jipya, meno yake yanang'aa. Akapiga magoti kama ngiri wanavyolima, akaanza kufukua ardhi. Pembeni alikaa Tumbili na ngoma yake. Kazi ya Tumbili ilikuwa kupiga ngoma na kuchunga miiko isivunjwe. Akaimba:

*Lima mkwe, lima!*
*Kidawa anakungoja, lima!*

Shaweji akaitikia kwa nguvu, "Nalima mie, nalima!" Udongo ukaruka huku na huku. Wageni wakashangilia.

Bi Mashavu alikuwa amejificha nyuma ya kichaka, kama desturi inavyotaka, akichungulia kwa jicho moja. Alimwona mkwe wake anahema. Wanangu, ngiri hatoki jasho kama ninyi. Ngiri akipata joto hukimbilia tope, ajigaragaze, apoe. Na tope lilikuwepo! Dimbwi lilikuwa pale pale nyuma ya majani marefu. Lakini mkwe angeguswaje na tope?

Tumbili akaimba mara ya pili:

*Lima mkwe, lima!*
*Kidawa anakungoja, lima!*

Shaweji akaitikia taratibu, "Nalima... mie." Shuka jeupe lilikuwa limemgandia mgongoni.

Bi Mashavu akamwendea mumewe mbio. "Baba Kidawa, mpe maji yule mtoto!"

"Mama Kidawa, unataka kumvunjia harusi binti yako? Imebaki nusu ya ngwe. Mimi nililima ya baba yako, nikafa?"

"Siku ile palikuwa na upepo! Leo unauona wapi?"

Mzee Kibindu akageuka pembeni. Yeye mwenyewe alikuwa anahema, lakini aseme nini mbele ya wageni?

Tumbili akaimba mara ya tatu. Shaweji hakuitikia. Akasimama, akayumba, akakiendea kisiki kilichokuwa katikati ya ngwe. Akakiinamia kwa heshima.

"Shikamoo baba," akakiambia kisiki.

Wageni wakaangua kicheko. "Mkwe mcheshi huyu!"

Mnacheka na ninyi? Msicheke. Bi Mashavu hakucheka. Alijua kwamba mtu anayesalimia kisiki kwa joto kama lile hafanyi mzaha, amekwisha kuanza kwenda. Akamfikiria Kidawa ndani, anasuka nywele za harusi, hajui kitu. Machozi yakamtoka.

Angefanya nini? Akimtokea mkwe usoni, mwiko umevunjika na harusi imekufa. Akikaa kimya, mkwe mwenyewe anakufa. Akafikiri upesi upesi. Desturi imekataza uso kwa uso. Mkia je? Nani aliwahi kuutaja mkia?

Bi Mashavu akatoka kichakani kinyumenyume! Akarudi nyuma hivyo hivyo mpaka karibu na Shaweji, hakumtazama. Kisha akainua mkia wake juu, wima kabisa, na kile kishungi chake cha nywele nchani.

"Mwanangu," akasema, macho yake mbele, "fuata mkia huu. Usitazame kingine. Fuata mkia wa mama."

Shaweji alikuwa haoni vizuri, dunia inamzunguka. Lakini mkia aliuona. Akaufuata, hatua moja, akayumba, hatua nyingine. Majani marefu yakamfunika Bi Mashavu mwili mzima, mkia peke yake ukabaki juu, unamwita.

"Mwiko! Mwiko!" Tumbili akapiga kelele. "Wanakwenda kwenye tope!"

Walipofika dimbwini Shaweji akasimama. Hata katika hali ile, adabu ilimshika. "Mama, nitachafuka mbele yenu," akanong'ona.

Bi Mashavu akajirusha dimbwini, chubwi! na kanga yake ya harusi na yote. Akagaragara mpaka masikio yakajaa tope.

"Sasa hapa nani msafi?" akauliza. "Ingia, mwanangu!"

Shaweji akaingia, akaanguka ubavu. Bi Mashavu akammwagia maji kichwani, akamvua lile shuka, akamnywesha kidogo kidogo. Wageni wakaja mbio, wakalizunguka dimbwi. Hakuna aliyecheka tena.

Baada ya muda kijana akafumbua macho. "Ngwe yangu sijamaliza," akasema.

Mzee Kibindu akapiga magoti ukingoni, analia bila kujificha. "Ngwe iache, na miiko iache. Ningemwambia nini Kidawa? Ningewaambia nini wazazi wako?" Kisha naye akaingia topeni. Tumbili akatazama huku, akatazama kule, akaiweka ngoma chini, akateka maji, akanywa.

Harusi ilifungwa upepo uliporudi. Na tangu siku ile mkwe akija kulima, mama mkwe ndiye humpokea na kibuyu cha maji. Na tangu siku ile ngiri akikimbia huinua mkia juu, ili aliye nyuma yake, mnyonge na aliyechoka, asipotee njia ya kwenda kwenye maji. Mkimwona msimcheke. Anamwita mwenzake.

Basi, wanangu, mtu akija kuwaambia fukuto linakuja, msikilizeni, hata kama jua hamlioni. Na adabu ni nzuri, lakini mkimwona mgeni wenu anayumba kwa joto, mpeni maji kwanza, desturi mtaulizana baadaye.

Hadithi yangu imelowa tope, naianika hapa. Kwa joto hili haitakauka leo, kwa hiyo ichukueni mbichi hivyo hivyo. Haya, nani ataniletea maji?