Bibi Apolonia na Ubatizo wa Dafu

Imepokewa kutoka kwa waumini waliotutangulia, nao walikuwa watu wa kusema walichokiona, kwamba katika misheni ya Kwambwego, nchi ya minazi, enzi ambazo padre alikuwa mmoja na punda wake mmoja, aliishi mkunga mcha Mungu aliyeitwa Bibi Apolonia. Wapo wanaokisimulia kisa hiki kwa kukirefusha na kukitia malaika. Malaika hawakuwemo. Alikuwemo Bibi Apolonia, na dafu, na hayo yanatosha kabisa.

Mja huyu alipewa ruhusa na Padre Wendelini, mmisionari mwenye ndevu za kufika kifuani, kuwabatiza watoto wachanga walio katika hatari ya kufa. Alifundishwa maneno, akayashika. Alifundishwa kumimina juu ya kichwa, akaelewa. Kwamba kinachomiminwa lazima kiwe maji, Padre hakutaja, kwani ni nani angefikiri vinginevyo?

Basi ukaja mwaka wa ukame, visima vikawa vinatoa tope. Jirani yake, Leokadia, akashikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Mtoto akatoka amepauka, kimya, na mama mtu akazirai. Mtungi ulikuwa mkavu, na aliyetumwa kisimani hajarudi. Kando ya kitanda palikuwa na dafu lililokatwa ili mzazi apooze koo. Bibi Apolonia hakungoja. Alilinyanyua, akammiminia mtoto kichwani, akatamka, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mtoto akapiga chafya, kisha akalia kwa hasira kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Padre alipofika aliuliza, "Umembatiza?"

"Nimembatiza, Padre."

Akamshukuru Mungu, akampaka mtoto mafuta, akamwita Frumensi. Hapakuwa na uongo hapo. Bibi Apolonia alijibu alichoulizwa, naye wakati huo aliamini amefanya sawasawa.

Mtoto alikuwa ameshaanza kuchunga mbuzi siku Padre alipowafundisha watu wazima habari za sakramenti, akasema ubatizo ni kwa maji halisi, si kwa kitu kingine. Bibi Apolonia akalikumbuka lile dafu. Tangu siku hiyo akawa muulizaji mashuhuri wa misheni nzima.

"Padre, mtu akibatizwa kwa umande?"

"Umande ni maji, Bibi. Ukipata wa kutosha kutiririka, unafaa."

"Na maji ya bahari?"

"Yanafaa."

"Na chai?"

"Chai nzito au nyepesi?" Padre alipenda maswali kuliko chakula. "Nzito haifai. Nyepesi, wataalamu wa dini wanagombana mpaka leo."

"Na mchuzi je?"

"Bibi Apolonia! Nani huko kwenu anataka kubatiza watu kwa mchuzi?"

Watu wakaangua kicheko, na swali lenyewe, lililokuwa limeshafika kwenye meno, likarudi tumboni. Ikawa ndivyo hivyo mwaka baada ya mwaka. Aliuliza kuhusu togwa, aliuliza kuhusu machozi, aliuliza kuhusu mvua ya mawe. Dafu hakuliuliza. Yeye ndiye mkunga wa misheni, wanawake humpisha njiani. Atasemaje kwamba hajui maji? Tena nafsi ilimpooza: kijana mzima wa afya, anasali, anatumikia altareni, Mungu si anaona?

Lakini kijana akaenda seminari. Akarudi shemasi, na habari zikavuma kwamba Baba Askofu anakuja kumpa upadre, mtoto wa kwanza wa Kwambwego kufikia daraja hiyo. Jumapili iliyotangulia, Padre alisoma tangazo kama Kanisa lilivyoagiza: ajuaye kizuizi chochote juu ya Frumensi, mwana wa Leokadia, ana wajibu wa kusema.

"Kizuizi ni sauti yake, Padre!" mtu akapaza kutoka nyuma. "Anaimba kama punda wako!"

Kanisa zima likacheka. Leokadia alicheka mpaka akafuta machozi, akaushika mkono wa mkunga. "Dada Apolonia, mikono hii ndiyo iliyompokea. Siku hiyo, kutwa nzima, utakaa nami benchi la mbele."

Bibi Apolonia aliuacha mkono wake pale, ukawa kama si wake. Asiyebatizwa hawezi kuwa padre; hilo alilijua kuliko hata jina la babu yake. Kijana huyu atainua mkate, na mkate utabaki mkate. Atawaondolea dhambi watu wanaokata roho, na yatakuwa maneno matupu. Wajane watawalipia misa marehemu wao, na misa haitakuwepo. Yote hayo kwa sababu ya haya ya mwanamke mmoja.

Siku moja kabla ya sherehe, Askofu amekwisha kuwasili na mbuzi wamekwisha kuchinjwa, alikwenda sakristia. Alimkuta Padre na Frumensi wakikunjua mavazi ya ibada.

"Padre, nina swali."

"Leo, Bibi? Kama ni la mchuzi, litangoja."

"Ni la dafu."

Padre akaanza kutabasamu, akamtazama usoni, akaacha.

"Huyu mtoto," Bibi Apolonia alisema, "nilimbatiza kwa dafu. Maji hayakuwepo. Nilipojua kosa nikanyamaza."

Frumensi akauliza taratibu, "Lilikuwa limeshaingia nazi ngumu, Bibi, au changa?"

"Changa kabisa, baba."

"Seminari hawakutuuliza hilo," akasema, akataka kucheka, akaketi ghafla juu ya sanduku la mishumaa. "Padre, miaka yote hiyo niliyosali, nilikuwa nani?"

"Ulikuwa mtu aliyemtaka Mungu, na Mungu huhesabu hamu hiyo," Padre alisema. "Yeye hafungwi na maji. Sisi ndio aliotufunga nayo, na hatuna ruhusa ya kubadili."

Mlangoni alikuwa amesimama Leokadia, upawa mkononi, na amesikia yote.

"Dafu?" akasema. "Mwanangu umemuunga kama samaki? Si ungemtia na ndimu basi!" Halafu machozi yakamshinda. "Ungesema, Apolonia. Ungesema akiwa bado anatambaa."

"Niliona haya, mwenzangu. Na haya ikawa inakua pamoja naye."

Baba Askofu alisikiliza bila kumkemea mtu. Aliamua kwamba upadre ungoje mpaka yeye mwenyewe arudi baada ya masika, na kesho kijana ataanzia mlangoni kama mkatekumeni yeyote anayeomba ubatizo. Habari zikaenea kabla pilau haijaiva. Waliokuwa wakimpisha njia Bibi Apolonia wakamwita Mama Dafu mbele ya uso wake. Benchi la mbele hakukalishwa. Hakujitetea hata kwa neno moja.

Asubuhi Frumensi aliomba jambo moja tu: maji ateke Bibi Apolonia. Akateka, akaja na ndoo kichwani, umati umemkodolea macho njia nzima. Alipofika mbele ya Askofu akaitua ndoo, akachovya kiganja, akaonja. Akaonja tena.

"Ni maji, Baba Askofu," akasema.

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikamfikia Padre, na mwisho kikamshika Leokadia, aliyekuwa ameapa asubuhi ile kwamba hatacheka. Akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akaipigapiga kwa kiganja. Bibi Apolonia akaenda akaketi. Askofu akayamimina maji, akasema, "Frumensi, kama hukubatizwa, mimi nakubatiza."

Kama. Neno hilo limewakosesha usingizi wadadisi wa Kwambwego hata leo: alibatizwa siku ile ya dafu, au siku ile ya ndoo? Askofu mwenyewe hakudai kujua kama dafu changa ni maji au si maji, akamwachia Mwenyezi. Lakini lipo ambalo halina kama ndani yake. Mja yule alikuwa na siri ambayo hakuna binadamu angeweza kuigundua, akaitoa kwa hiari yake, siku ambayo ilimgharimu kuliko siku zote, ili watu asiowajua wapate misa ya kweli. Ewe msomaji, ukiwa na swali lako unalozungukazunguka kwa mchuzi na chai, litaje.