Kibuyu Kilichokula Unga wa Tembo

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, enzi ambazo wanyama walipika na kufagia nyua zao kama sisi, palikuwa na njia panda karibu na majabali. Hapo njia panda alikaa Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kama jembe. Kazi yake ilikuwa moja tu: mgeni akiuliza, yeye anajibu.

"Hondohondo, nani anasuka mikeka mizuri?"

"Hoo! Nenda kwa fulani! Akikosekana, nenda kwa fulani!"

Sasa yeye alijuaje? Alikuwa akiruka huku na huko, anatua kwenye paa hili, anatua kwenye paa lile, anasikiliza. Anayesemwa sana, huyo ndiye atatajwa wa kwanza. Kuonja hakuonja. Mdomo ule wote ulikuwa wa kusema tu.

Pale karibu walikaa wapika uji. Tembo alipika uji, Kiboko akapika uji, na Bi Pimbi, yule mdogo asiye na mkia anayeishi kwenye majabali, naye akapika uji kwenye chungu chake kidogo. Wateja wao wakubwa walikuwa nyumbu. Kila mwaka nyumbu walipita hapo, kundi zima, vumbi hadi mawinguni, na kila nyumbu akinywa uji huacha fungu la majani mabichi ya huko anakotoka. Majani hayo ndiyo chakula cha kiangazi. Ukiyakosa, kiangazi utakiona.

Na nyumbu mnawajua. Wa kwanza akienda kushoto, wote kushoto. Kwa hiyo anayetajwa wa kwanza huwapata wote, wa pili huokota mabaki, na wa tatu hutazama vumbi.

Mwaka uliopita Hondohondo alisema, "Tembo! Kisha Kiboko! Kisha Pimbi!" Bi Pimbi akasimama na upawa wake mkononi mpaka uji ukaota ngozi. Hakuja mtu. Kiangazi kile watoto wake walitafuna magome ya miti, na mdogo kabisa akakonda mpaka masikio yakaonekana makubwa kuliko yeye.

Sasa nyumbu walikuwa wanakaribia tena. Mtoto akamuuliza mama yake, "Mama, mwaka huu pia tutakula magome?"

"Nyamaza, mwanangu. Mama anafikiri."

Akafikiri, akafikiri, kisha akashuka chini ya jiwe kwa jirani yake, Panya aitwaye Siwema, aliyekuwa akikaa pale na wadogo zake wawili.

"Siwema, mwenzangu, unaogopa giza?"

"Giza? Ndimo nilimozaliwa."

"Na kusifu kitu usichokipenda, utaweza?"

Siwema akacheka, "Kwi kwi kwi! Bi Pimbi, wewe umesahau kwamba mimi nimeishi na mama mkwe?"

Basi wakatafuta vibuyu vitatu vikubwa, wakavikausha, wakavipaka mafuta vikang'aa. Siwema akaingia kimoja, wadogo zake wakaingia viwili vingine. Na sauti ya panya ikitoka ndani ya kibuyu, wajukuu zangu, si sauti ya panya tena. Inavuma, vuuu, kama ya mtu mzima aliyeshiba.

Bi Pimbi akavipakia kwenye kigari, huyo, mpaka kwa Tembo.

"Hodi! Hodi hapa kwa Bwana Tembo!"

"Karibu! Nani? Sioni mtu."

"Tazama chini, bwana."

"Aa, ni wewe. Uji wako haujaisha tangu mwaka jana?" Tembo akacheka mpaka tumbo likatikisika, ndu ndu ndu.

"Bwana, nimeacha habari za uji. Uji ni wenu wakubwa. Mimi sasa nauza vibuyu vyenye akili."

"Akili ya nani?"

"Ya kuundwa, bwana! Mafundi wa mbali wamekusanya maneno yote ya dunia, wakayatwanga, wakayachekecha, wakayatia humu. Kibuyu kinasema chenyewe. Wewe unalala, chenyewe kinatangaza uji wako asubuhi hadi jioni, Hondohondo anasikia, anakutaja wa kwanza."

"Mimi hutajwa wa kwanza siku zote."

"Ni kweli kabisa, bwana. Nisikusumbue. Ngoja niende kwa Kiboko, yeye kaniuliza habari zake tangu juzi."

"Wewe! Rudi hapa! Nani kasema sitaki?"

Bi Pimbi akarudi polepole, kama mtu aliyeudhika.

"Viko vitatu, bwana. Chagua mwenyewe. Kila kimoja kinakula unga kidogo ndipo kiseme."

Tembo akachota unga wa ulezi kwa ncha ya mkonga, akatia kwenye kibuyu cha kwanza. "Haya, sema habari za uji wangu."

Kibuyu kikavuma, "Uji wa Tembo una madonge. Koroga zaidi."

Masikio ya Tembo yakapiga, pa! pa!

"Hiki kimeharibika!"

"Kimeharibika, bwana," akasema Bi Pimbi. "Labda kilijigonga njiani."

Tembo akatia unga kwenye cha pili. Kikavuma, "Nyumbu wanatoka mbali na wana kiu. Wanataka uji mzito au mwepesi? Umewahi kuwauliza?"

"Lo! Mimi nakiuliza, nacho kinaniuliza mimi! Kibuyu cha maswali ni cha nini? Weka kando!"

Cha tatu ndimo alimokuwa Siwema. Unga ulipomwangukia kichwani tu, akaanza:

"Hoyeee! Uji wa Tembo! Uji laini, uji mtamu, uji unaojua unachotaka kabla wewe hujajua! Uji wa leo, uji wa kesho, uji wa wenye akili zao! Mwenye tumbo aje, asiye na tumbo akaazime!"

Tembo akafumba macho. Mkonga ukalegea.

"Kirudie."

"Kinataka unga mwingine, bwana."

Tembo akamwaga kata nzima, puu! Siwema akasifu tena, safari hii akaongeza na pembe za Tembo, na mwendo wake. Pembe na uji vinahusiana nini? Hakuna aliyeuliza.

Tembo akasema taratibu, "Hiki kinanijua."

"Bwana Tembo," akasema Bi Pimbi, "hutaki kukijaribu kwanza? Tukae siku kadhaa, tuone kama kitaleta mgeni hata mmoja?"

"Mgeni gani tena? Hukusikia kilivyosema?"

Mara kibuyu, "Chyaaa!"

Tembo akaruka nyuma. "Nini hiyo?"

Unga ulikuwa umemjaa Siwema puani. Uso wa Bi Pimbi haukubadilika. "Kinafikiri, bwana. Kikifikiri sana hufanya hivyo."

"Eeeh! Kumbe kina akili kweli!"

"Ila kila jioni lazima kije kwangu nikisafishe akili. Asubuhi nakurudishia kikiwa kipya."

"Na malipo?"

"Bure kabisa, bwana. Wewe utoe unga tu."

Bi Pimbi akavipakia tena vyote vitatu, cha Tembo eti akakisafishe kwanza, akavuka kwenda kwa Kiboko. Kiboko naye alikikataa cha madonge, akakikataa cha maswali, akachagua kile kile. Basi Bi Pimbi akarudi nyumbani, akachukua kibuyu kingine, akamtia Tabu, mmoja wa wale wadogo zake Siwema, akampelekea Kiboko. Tabu hakujisumbua kutunga. Alichukua maneno yale yale ya dada yake, akatoa Tembo, akaweka Kiboko. Hata zile pembe alizisahau humo, na Kiboko, ambaye hana pembe hata moja, alizifurahia kuliko yote.

Ikawa sasa ni kelele. Huku, "Uji wa Tembo! Uji laini!" Kule, "Uji wa Kiboko! Uji laini!" Tembo akisikia sauti ya Kiboko inapanda, humwaga unga mwingine. Kiboko akisikia ya Tembo, humwaga mara mbili. Puu! Puu! Puu! Hondohondo alikuwa akiruka kutoka paa hili kwenda lile mpaka shingo ikamuuma.

Jioni Bi Pimbi hupita na kigari chake. "Hodi, nimekuja kusafisha akili!" Vibuyu vilikuwa vizito, akivisukuma anatokwa jasho. Akifika kwake, anaviinamisha pangoni, unga unamwagika shwaaa, na mwishoni Siwema anatoka mweupe kichwa kizima kama ajuza.

"Bi Pimbi, leo nimesifu mpaka taya zimekaza."

"Vumilia, mwenzangu. Nyumbu wako karibu."

Siku moja mke wa Tembo akafunua magunia, akaona ya juu yameisha na ya chini yanaelekea kuisha.

"Baba watoto, unga unakwenda wapi?"

"Unafanya kazi, mama. Husikii tunavyosemwa?"

"Nasikia. Lakini wageni wakija watakunywa nini?"

"Wewe nawe! Kiulize kibuyu."

Mama wa watu akainama kwenye kibuyu. "Wee kibuyu, uji utatosha?"

"Uji wa Tembo hauishi daima!" kikavuma kibuyu.

"Umesikia mwenyewe," akasema Tembo, akamwaga kata nyingine.

Mama akatikisa kichwa, akaenda kufagia uwanja.

Basi nyumbu wakaja. Gidi gidi gidi gidi! Vumbi kila mahali, kwato zinatetemesha nchi. Kiongozi wao, mzee mwenye ndevu ndefu, akasimama njia panda, akahema.

"Hondohondo! Tuna kiu mpaka ndimi zimekauka. Uji mzuri uko wapi?"

"Hoo! Tembo! Uji laini, uji unaojua unachotaka! Kisha Kiboko! Uji laini, uji unaojua unachotaka! Kisha... kisha Pimbi, yuko pale majabalini."

Gidi gidi gidi, wote kwa Tembo. Tembo amesimama mlangoni, amepakwa mafuta, kibuyu kiko juu ya kigoda kama mfalme.

"Karibuni! Karibuni sana! Ndiyo hapa!"

"Tumeshakaribia. Uji."

Tembo akamgeukia mkewe. Mkewe akafunua chungu. Ndani ni maji, yanachemka peke yake, bwata bwata bwata.

"Unga?" akanong'ona Tembo.

"Kakiulize mwenyewe kibuyu chako, baba watoto. Gunia la mwisho ulilimwaga jana."

Tembo akakohoa. "Wageni wangu, kabla ya kunywa, hebu sikilizeni kwanza."

Kibuyu kikaanza, "Hoyeee! Uji wa Tembo! Uji laini..."

"Tumesikia," akasema mzee wa nyumbu. "Tumesikia kule njia panda, na sasa tumesikia hapa. Sisi tunataka kunywa."

"...mwenye tumbo aje..."

"Tumbo tunalo, bwana! Tumelileta! Uji uko wapi?"

Mzee wa nyumbu akanusa yale maji, akapiga mluzi, na kundi likageuka.

Kwa Kiboko mambo yalikuwa yale yale, isipokuwa Kiboko aliona haya, akajitosa mtoni, tumbwi! Akaacha masikio tu juu ya maji. Kibuyu chake kikabaki peke yake uwanjani kinasifu pembe.

Nyumbu walipofika majabalini walikuwa wamekasirika, lakini pua zao zilifika kwanza. Chungu cha Bi Pimbi kilikuwa kinachemka, na vyungu vingine vilivyoazimwa vimepangwa nyuma yake. Uji mwepesi, wa moto kiasi, hauna donge hata moja.

Mzee wa nyumbu akanywa. Akasimama. Akafuta ndevu.

"Nyinyi," akawaambia wenzake, "njooni."

Wakanywa mpaka wa mwisho, na mafungu ya majani yakajaa mbele ya pango mpaka watoto wa Pimbi wakapanda juu yake na kuteleza, serereee, wanacheka. Yule mdogo alitafuna huku anateleza.

Jua lilipoelekea kutua, Tembo na Kiboko wakaja. Hawakuja kugomba, kwanza walikuja kwa njaa. Tembo akapokea bakuli, akanywa funda moja, akaacha. Akanywa la pili. Mkonga ukasimama.

"Pimbi."

"Bwana."

"Ulezi huu naujua. Huu ni ulezi wa shamba langu!"

"Tena una harufu ya ghala langu!" akanguruma Kiboko.

Watoto wa Pimbi wakaacha kucheka. Siwema, aliyekuwa ameshatoroka kibuyuni, akajibana nyuma ya chungu. Bi Pimbi mwenyewe aliendelea kukoroga tu.

"Ulezi wenu si mlivilisha vibuyu, mabwana? Niliwashauri tuvijaribu kwanza, mkakataa. Mimi sikuchota hata konzi. Mlimwaga wenyewe, kwa mikono na mikonga yenu."

Nyumbu waliokuwa wamejilaza pale kando wakainua vichwa wasikilize vizuri, na hapo juu Hondohondo naye akatua, akainamisha sikio.

Tembo akamwona Hondohondo. Mtu mkubwa kama yeye, aseme mbele ya dunia nzima kwamba kibuyu kimemshinda akili?

"Niwaongeze?" akauliza Bi Pimbi, upawa juu.

Tembo akasogeza bakuli lake polepole.

"Ongeza," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini usikisemeshe kibuyu."

Basi wajukuu zangu, sifa zitamleta mgeni mpaka mlangoni, lakini akishafika atataka kujua kilichomo chunguni.