Uso wa Kwanza wa Mzee Singano

Nipeni masikio yenu, wakubwa kwa wadogo, nami nitawapa kesi mniamulie.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Eliwaza, mhudumu wa afya wa kijiji cha Kwemzinga huko milima ya Usambara, alijaliwa miguu isiyokata tamaa: mlango uliofungwa usoni pake leo, kesho aliugonga tena. Dokta Kaijage, bingwa wa macho kwenye hospitali kubwa jijini Mwanza, alijaliwa jicho la kuona kilichowapita wengine. Na Ombeni, daktari kijana wa hospitali ya wilaya, alijaliwa mikono iliyotulia.

Watatu hawa walikutanishwa na Mzee Singano, fundi cherehani.

Singano alikuwa na jicho moja tu la kutegemea. Jingine lilikufa zamani. Kisha hilo moja nalo likaanza kuingia ukungu. Kwanza sindano ilimshinda kutunga uzi, mkewe Mwantumu akawa anamtungia. Halafu akawa hatofautishi uzi mweusi na wa bluu. Siku alipokata vibaya kitambaa cha bwana harusi, alifunika cherehani kwa khanga na hakukifunua tena. Mwantumu akawa anamshika mkono hadi msikitini. Watu wakimuuliza, hujibu, "Ni uzee tu."

Eliwaza alipofika mara ya kwanza na simu yenye lenzi ya kupigia picha macho, mzee alimcheka. "Simu itibu macho? Nenda kawapige picha maharusi."

Akaondoka. Akarudi. Mvua ikanyesha, njia ikawa utelezi mtupu, akarudi tena na tope hadi magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe binti, huchoki?"

"Nimechoka, baba. Ndiyo maana naomba kiti."

Mzee akacheka bila kutaka. Akampa kiti, na alipokwisha kumpa kiti ikawa vigumu kumnyima jicho. Eliwaza akapiga picha. Angekata tamaa siku ile, hakuna ambaye angejua kinachoendelea ndani ya jicho lile.

Programu iliyo ndani ya simu ilijibu papo hapo: mtoto wa jicho, asubiri kliniki ya mwezi ujao. Singano akafarijika. Kumbe hata mashine inasema angoje.

Lakini picha ilikuwa imefika Mwanza pia, kwa Dokta Kaijage. Mbele yake zilikuwapo picha nyingi ambazo mashine ilikwisha kuzipanga, na hii ilipangwa kwenye fungu la wasio na haraka. Angeweza kuipita. Akasimama. Wekundu uliozunguka mboni haukumpendeza. Akampigia Eliwaza simu, akaomba picha nyingine ya upande, kisha akataka kusema na mzee mwenyewe.

"Mzee, jicho linauma?"

"Kidogo tu, daktari."

Mwantumu akainyakua simu. "Kidogo gani! Jana ametapika kwa maumivu."

"Basi presha imepanda ndani ya jicho," sauti ya Kaijage ikasema. "Mkingoja kliniki litakufa, na likifa hakuna wa kulifufua. Ateremke hospitali leo hii."

Akateremshwa. Walimshusha presha kwa dawa kwanza, kisha Ombeni akamlaza mezani. Kamera ilifungwa juu ya jicho, ili Kaijage aone kila kitu akiwa Mwanza na kumwelekeza kijana, maana jicho lile lilikuwa gumu kuliko yote aliyowahi kuyapasua. Ganzi ilimwondolea mzee maumivu, lakini masikio yake yalikuwa macho. Alizisikia sauti mbili zikijibizana taratibu: "Polepole hapo." "Sawa, dokta." "Usivute."

Ghafla ikabaki sauti moja.

"Dokta? Dokta Kaijage, unanisikia?"

Mtandao ulikuwa umekatika. Singano akawaza: jicho langu limefunguliwa, na mwenye kujua hayupo.

Ombeni akavuta pumzi. "Mzee wangu, usitikisike. Tumebaki mimi na wewe." Na mikono yake ikaendelea, bila kukimbia, bila kutetemeka, hadi ukungu wote ukatoka na lenzi mpya ikakaa mahali pake.

Asubuhi ya kufungua bandeji, wote walikuwapo. Ombeni alisimama kulia. Eliwaza, aliyekuja kumtazama, alisimama kushoto. Kaijage alikuwa kwenye simu iliyosimamishwa juu ya meza katikati. Mzee hakuwahi kuona sura ya hata mmoja wao. Aliwajua kwa sauti tu.

"Mke wangu," akasema, "nilinuia uso wa kwanza uwe wako."

"Wangu unaujua," Mwantumu akajibu. "Mimi usinihesabu. Mtazame aliyekupa jicho."

"Ni nani sasa?"

Wodi nzima ikaingilia. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akasema, "Ni aliyepasua! Angetetereka kidogo, ungekuwa gizani."

Mama mmoja akamkatisha. "Angempasua nani? Huyu mzee alikuwa amejikalia nyumbani. Ni binti aliyemfuata."

"Na hata alipofuatwa, mashine ilimwambia asubiri," akasema Mwantumu. "Huyu wa Mwanza ndiye aliyekataa."

"Lakini yule ni wa kwenye simu," mgonjwa akabisha. "Uso wa kwenye kioo nao ni uso?"

Kaijage akasikika akicheka kidogo. Eliwaza hakusogea. Ombeni naye hakusogea.

"Nikifungua mimi, utaniona mimi," Ombeni akasema hatimaye. "Si haki. Mama, fungua wewe, kisha usimame nyuma yake."

Mwantumu akabandua bandeji kwa vidole vyepesi, akazunguka nyuma ya kitanda. Mzee Singano alikuwa bado amefumba. Kupitia kope aliona wekundu wa joto, mwanga ambao alikuwa ameusahau.

"Fumbua, baba Abeda," mkewe akamnong'oneza.

Kulia mikono, kushoto miguu, katikati jicho lililoona kutoka mbali. Na uso wa kwanza ni mmoja tu.

Je, msikilizaji, ingekuwa wewe, ungegeukia wapi?