Koplo Ndalahwa Alizika Mmoja

Sogeeni. Aliyekuja kucheka arudi alikotoka, maana leo sina sungura wala fisi. Leo nina Landrova moja ya jeshi, mzee mmoja aliyepotewa na akili, na watoto watatu waliopotelewa na baba zao. Nitawapa jambo lao, nanyi mtaniamulia. Mimi limenishinda, na mnanijua, mimi si mtu wa kushindwa ovyo.

Vita vya Kagera mnavikumbuka, na msiovikumbuka mmesimuliwa. Katika vita vile Landrova moja ya petroli ilitumwa kupeleka maji na risasi kwa kikosi kilichozingirwa kaskazini ya Mto Kagera. Ndani yake walikuwa wanne: dereva, ndiye Koplo Ndalahwa, na askari watatu. Kesho yake ikarudi na dereva peke yake. Bodi imetobolewa kama chujio, na mikono ya Koplo imejaa udongo mpaka viwikoni. Wakamuuliza, "Wenzako wako wapi?" Akajibu, "Nimezika mmoja. Wawili sikuwaweza."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho ya mtu mwenye akili zake. Ukimuuliza ni yupi uliyemzika, wapi, anakutazama tu. Vita vikaisha, jeshi likaiacha ile Landrova, ikaishia nyuma ya ghala la kahawa. Injini iling'olewa ikaendeshe mashine ya kusaga, ikafia hukohuko. Ikabaki bodi tupu, na ndani ya bodi akaishi Koplo Ndalahwa, hataki kutoka, analishwa na majirani wenye huruma. Serikali nayo ikaziambia familia tatu kwamba watu wao hawaonekani. Hawaonekani! Kana kwamba wameingia chumba cha pili.

Sasa wajueni hao watoto wao, ambao wakati ninaousimulia walikuwa watu wazima.

Kastori alikuwa Mngoni wa Songea, fundi wa injini, na kipaji chake kilikuwa sikio. Utapita na gari lako yeye yuko anakunywa chai, atakwambia valvu yako moja inavuja, na ukifungua utaikuta. Lakini nyumbani kwao kulikuwa na shimo. Mama yake alichimba kaburi la mumewe mwaka ule ule wa vita, na kila masika linajaa matope, na kila masika mama analizoa upya kwa mikono yake. "Akija asikute hana pa kulala," anasema. Mama amezeeka, mgongo umepinda, bado anazoa. Kastori alikuwa anaona aibu, na alikuwa anaona uchungu, na vyote viwili havikumpa usingizi.

Nyanjura, Mjita wa Musoma, aliuza vyuma chakavu, na kipaji chake kilikuwa jicho. Chuma alichokiona mara moja hakisahau, wala pale alipokiona. Kwao walizika mgomba mahali pa baba, wakalia, wakamaliza matanga. Kisha watoto wa ukoo wakaanza kufa, na wawili kati yao walikuwa wa Nyanjura mwenyewe. Wazee wakasema marehemu ameukataa mgomba, anautaka mwili wake ulale nyumbani. Wewe unaweza kubisha, una elimu yako. Mama aliyezika wawili na amebakiwa na mmoja habishi.

Wa tatu ni Tunu, Mzigua wa Handeni, na kipaji chake kilikuwa subira. Huyo angeweza kumlisha mgonjwa kijiko kwa kijiko, mgonjwa anatema, yeye anaanza upya, wala hanuni. Mama yake aliingia eda na hakutoka. Masheikh walikwenda wakamweleza sheria, akawasikiliza, akawapa chai, akabaki na nguo zake za eda vilevile. "Nionyesheni kaburi," anasema, "nitazivua siku hiyohiyo." Mwanamke kijana akazeekea ndani, hatoki kwenda harusini wala msibani.

Kila mmoja alifika pale ghalani kwa njia yake, akitafuta gari la mwisho alilopanda baba yake. Wakakutana. Na tangu siku ya kwanza walijua, jamani, wote watatu walijua, kwamba aliyezikwa ni mmoja. Hawakulisema. Ungelisema wewe?

Tunu ndiye aliyetangulia, akamkuta Koplo ananuka, ndevu zimeshikana na uji. Akamwogesha, akamnyoa, akampikia. Koplo akipandwa na mambo yake anapiga ngumi asiangalie nani, na siku moja alimvunja Tunu jino la mbele. Tunu akasukutua, akarudi na uji. Mumewe akampelekea salamu kutoka Handeni: chagua, ndoa yako au kichaa wako. Akabaki, na talaka ikamfuata. Lakini ni kwa kukaa hivyo ndipo aligundua jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Kila lori likipita barabarani, mikono na miguu ya Koplo inaamka. Anakanyaga klachi, anaingiza gia, anakata kushoto, anakata kulia, halafu anakanyaga breki na kusema, "Shukeni, tumefika." Kona ni zilezile, kwa mpangilio uleule, kila mara.

Akawaita wenzake. "Njia anaijua," akasema. "Kichwa ndicho kimesahau. Mikono haijasahau. Tumpeni gari aendeshe."

Watu wa pale wakawacheka. La kuvunda halina ubani, wakasema, bodi ile ni ya kufugia kuku. Kastori hakuwasikiliza. Akaleta injini ya dizeli ya pikapu mpya, akaipachika, ikawaka mara moja. Akamwambia Tunu, "Injini ni injini, dada. Mpandishe mzee." Koplo akakaa kwenye usukani, akasikiliza. Akashuka. "Hii si yangu," akasema. "Yangu imekufa." Akalia, akagoma kula, Tunu akahangaika naye mpaka karibu ampoteze.

Kastori akajilaani. Yeye mwenye sikio! Akasema, "Nimempa mtu sauti ya mgeni nikategemea amtambue ndugu. Tunataka injini ya petroli ya enzi zile. Tena si injini tu. Kabureta, distributa, silinda hedi, hata bomba la moshi, maana vyote hivyo ndivyo vinavyotoa ile sauti."

Hapo ikawa zamu ya Nyanjura. Bloku, ule mwili wa injini, alikumbuka kuliona kwa mfugaji mmoja, zamani likivuta maji ya ng'ombe, sasa limeganda na hedi yake imeuzwa. Mfugaji akakataa fedha. "Fedha hainyweshi ng'ombe," akasema. "Nipe hiyo pikapu yako niende nayo mtoni." Pikapu ile ndiyo iliyokuwa ikibeba vyuma vya Nyanjura, ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mtoto wake. Akampa ufunguo. Distributa, ile inayogawa moto wa plagi, akaipata kwenye stoo ya misheni, bado imefungwa karatasi yake ya mafuta. Kabureta akaikuta dukani kwa Mwarabu mmoja, imewekwa kuzuia mlango usipigwe na upepo. Alirudi na vyuma kwenye magunia, mgongo umechubuka, na biashara hana tena.

Silinda hedi ndiyo iliyochelewa. Kastori, naye ni binadamu, akachoka. "Dada Nyanjura, kuna hedi ya miaka ya karibuni, nikiitia tupa kidogo inakaa."

"Tulishamdanganya mzee mara moja," Nyanjura akamwambia. "Hukuona alivyolia?" Akaondoka tena, na safari hiyo akarudi nayo.

Basi Kastori akakaa chini ya gari lile. Bloku lilikuwa na ufa, akauziba. Pistoni zilikuwa zimeganda, akazilowanisha, akazibembeleza, zikatoka. Stata haikupatikana popote, kwa hiyo ikabidi kuwasha kwa handeli, ile ya kuzungusha mbele ya gari. Wanaoijua handeli wanajua ubaya wake: moto ukiwahi, inarudi kwa nguvu ya punda. Kastori alijua, akazungusha. Ikarudi. Mfupa wa kiganja ukasagika, na mkono ule wa kulia haukushika spana tena maisha yake yote. Fundi! Akiwa chini vumbini, sikio lake likafanya kazi. "Rudisha distributa nyuma kidogo," akamwambia Nyanjura huku meno yakigongana. "Hapo. Zungusha." Nyanjura akazungusha, ikawaka.

Koplo Ndalahwa alikuwa amekaa kwenye gunia na bakuli lake. Akaacha kutafuna. Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akaizunguka Landrova akipiga mateke matairi, kama dereva yeyote wa jeshi. Akapanda. Akawatazama wale watatu kwa macho ambayo Tunu hakuwahi kuyaona. "Pandeni, kuruta," akasema. "Wanasubiri maji."

Wakapanda. Kastori mkono umefungwa kwa kanga ya Tunu, na hakuna aliyemwambia habari ya hospitali, maana asingekwenda. Wakavuka daraja, wakaiacha barabara kuu. Koplo aliendesha kana kwamba ni siku ileile. Palipokuwa na njia sasa pana shamba la mihogo, akapita humohumo. Alikwepa mti uliokwisha kukatwa zamani, kimebaki kisiki ndani ya majani. Tunu alikuwa anasoma dua kimoyomoyo, na baadaye alikiri kwamba dua yake ilikuwa mbaya. Alikuwa anaomba awe wa kwake.

Karibu na ukingo wa mto breki zikalia. "Shukeni, tumefika."

Wakachimba, Kastori kwa mkono mmoja. Hawakuchimba sana. Mto ulikuwa umekula ukingo mpaka miguuni mwa kaburi, masika moja zaidi na lingekuwa limekwenda. Ikatoka soli ya buti, ukatoka mkanda, ikatoka mifupa. Fuvu lilikuwa limepasuliwa na kile kilichomuua, meno hayapo. Mkanda ni wa jeshi, buti ni za jeshi, na jeshi huwavisha watu wote namna moja.

Wakaitandika mifupa kwenye blanketi. Kisha Kastori akamwendea Koplo. "Afande, huyu ni baba yangu?"

"Ndiye," Koplo akasema.

Nyanjura naye akamshika mkono. "Mzee, nitazame mimi. Huyu ni baba yangu?"

"Ndiye."

Tunu alikuwa anaogopa kuuliza. Akauliza. "Mzee wangu, ni wangu mimi?"

Koplo akamtazama, machozi yakimtiririka. "Ndiye, binti. Ndiye."

Hakumdanganya yeyote, maskini. Kwa akili ile, aliyemzika alikuwa wao wote.

Najua kuna mjuaji hapo nyuma atasema wakapime vinasaba. Mwaka huo kipimo hicho huku kwetu hakikuwapo, kwa hiyo funga mdomo. Mwingine atasema wamzike palepale, wagawane kaburi. Mto umeshapiga hodi, mpenzi, umzike nani ndani ya maji? Na mmoja, siku nilipolisimulia kwingine, aliniambia wagawane mifupa. Nilimfukuza, na ukisema tena nitakufukuza wewe.

Walibishana, tena watu waliokuwa wamekula sufuria moja. Kastori akasema, "Bila mimi hii ni bodi ya kuku. Nitazameni mkono." Nyanjura akasema, "Bila mimi ungewasha nini, hewa? Nina mtoto mmoja tu amebaki, Kastori. Mmoja." Tunu alisema kwa sauti ndogo, "Bila mimi msingejua kwamba njia ipo. Mwenzenu sina ndoa, sina pa kurudi. Nirudi kwa mama na nini?"

Kisha mabishano yakaisha, maana kila mmoja aliona mwenzake amesema kweli. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wamesimama pale, kila mmoja ameshika ncha yake ya blanketi, na hakuna anayevuta, na hakuna anayeachia. Mvua imeanza upande wa pili wa mto. Koplo anapiga honi. Anawaita wapande, adui yuko karibu.

Huko Songea mama anazoa tope shimoni. Musoma mtoto amelala na homa, na bibi zake wanatazamana. Handeni mjane yuko dirishani na nguo zake za eda. Blanketi ni moja.

Haya, ninyi mlionyamaza, msinitazame mimi. Ungekuwa wewe pale ukingoni, ungempa nani? Na ukishampa, geuka uwatazame wale wawili ambao mikono yao haina kitu. Je, ungewaambia nini?