Ngiri Aliyetoa Tuzo Mpaka Mvua Ikaja

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa moto, tukausogelea.
Sogea!
Pakawa mwongo, tukampisha aseme.
Aseme!

Basi niseme. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, tena hilo la nne nimelisoma mara tatu, kwa hiyo nalijua kuliko mwalimu. Hadithi hii siongezi hata neno.

Hapo kale, kale yenyewe, milima ilipokuwa bado imechuchumaa, palikuwa na Ngiri. Alikaa bondeni, kwenye shimo kando ya kijito, yeye na mkewe na watoto wanane. Kila masika kijito kilifura kikaingia nyumbani bila hodi. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa maji yakiwa kitandani, ndiyo maana akaitwa Chubwi. Mwaka uliofuata yalijaa mpaka kambare wakakaa mkekani wakauliza chai itakuwa tayari saa ngapi.

Siku moja Mama Chubwi akamwambia mumewe, taratibu, huku anapepeta mtama:

"Baba Chubwi, masika haya maji yakigusa mkeka wangu, mimi nakwenda kwa mama. Na hawa wanane nakwenda nao. Wewe utabaki na vyura."

Ngiri alimjua mkewe. Neno lake halikuwa na dada, akisema amesema. Akatoka mbio kutafuta vibarua wa kuchimba mfereji, uyatoe maji kijitoni, uyapitishe nyuma ya nyumba, uyamwage bwawani huko chini. Akampata Nguchiro. Akampata Fuko. Akampata Nungunungu. Ujira ni muhogo mmoja kwa siku, na kila mtu aje na jembe lake.

Siku ya kwanza wakachimba hatua tatu. Siku ya pili hatua mbili. Siku ya tatu hatua moja, na hiyo moja ni Fuko alianguka, akaacha alama.

Ngiri akaona hapa watu hawana hamu. Sasa, alikuwa na mizinga mitatu ya asali aliyorithi kwa mjomba wake. Si hii mizinga yenu. Kila mmoja, nyuki wake walikuwa na kadhi wao na soko lao la Jumamosi. Akawakusanya vibarua akawaambia jua likizama, mwenye lundo kubwa la udongo anabeba mzinga mzima, peke yake.

Loo, watu waliamka! Nguchiro alikimbia mpaka kivuli chake kikaomba mapumziko. Jioni Ngiri akaja kukagua. Akakuta lundo la Nguchiro limekwenda juu, limekwenda juu, mpaka mwezi ukalizunguka ili upite. Akafurahi. Kisha akautazama mfereji. Mfereji ulikuwa na kina cha kisosi.

Nguchiro hakuugusa kabisa. Alikwenda kuchota udongo kwenye kichuguu cha jirani, akaiba na wa wenzake walipokwenda kula. Ngiri akamuuliza ndiyo nini hii.

"Mzee ulisema udongo," Nguchiro akasema. "Hukusema wa wapi."

Akabeba mzinga wake akaondoka anapiga mluzi. Wengine wawili wakaweka majembe chini, maana nani anachimba huku mwenzie analamba vidole?

Ngiri akasema haya, nimejifunza. Kesho yake akatangaza kwamba safari hii hatazami udongo. Anatazama kina. Atakayechimba kina kirefu kuliko wote, asali ni yake.

Fuko akashuka. Asubuhi akashuka, mchana akashuka, jioni akashuka. Alishuka mpaka wakaazi wa huko chini wakapaza sauti, udongo unawaingilia kwenye uji. Ngiri akachungulia, akaita, na sauti yake ikarudi kesho kutwa ikiwa na mafua. Shimo zuri kweli. Lakini upana wake tumbo la Fuko, na urefu wa kwenda mbele haukuwepo hata kidogo.

"Ulisema chini, bosi," Fuko akajibu akijipangusa macho. "Mbele hukunituma."

Mzinga wa pili ukaenda.

Ngiri sasa akawa mjanja. Akaona hawa wanacheza na kipimo, basi atapima mwili wa mtu. Akasema jioni atamtuza aliyechoka kuliko wenzake, kwa kuwa kuchoka hakuigizwi.

Siku ya pili yake vibarua walifika kazini wamechoka tayari. Nguchiro alilala chali akahema. Fuko alilala kifudifudi akamwita mama yake. Nungunungu alikuja anajikongoja na magongo mawili, miiba yake yote imelala kama nyasi za paa, na kila hatua anasoma shahada. Majembe yalikuwa pale pale, wakayatazama kwa huruma. Jioni Nungunungu akatangazwa mshindi, ilibidi ashikwe mkono kuufikia mzinga. Alipoukamata akatimka nao, mbio ile iliunguza majani, mpaka leo pale hapaoti kitu.

Mizinga ikaisha. Na upande wa milimani likasimama wingu jeusi kama sufuria ya uji wa shule.

Ngiri akarudi nyumbani. Akamkuta Mama Chubwi anakunja mkeka, watoto wamepangwa mstari, mikia juu, tayari kwa safari. Akakaa chini akamweleza yote, mzinga wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama Chubwi akamsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kufunga mizigo.

"Baba Chubwi," akasema, "wewe umenunua udongo, wamekuletea udongo. Umenunua shimo, wamekuletea shimo. Umenunua kuugua, wamekuugulia vizuri sana. Maji kupita nyuma ya nyumba yangu, hilo umelinunua lini?"

Ngiri akazitazama kwato zake.

Mama Chubwi akauweka mkeka pembeni, umekunjwa vile vile. Akachukua chungu kikubwa, akatia kunde, akatia vitunguu, akakuna nazi. Akaenda kukipandisha kwenye mafiga huko chini kabisa, pale mfereji ulipotakiwa kuishia. Harufu ya vitunguu ikawaamsha wagonjwa.

Akawaambia kunde zipo, kuni zipo, maji hakuna. Maji yatakuja na mfereji. Yakifika, wote watakula chungu kimoja, kama kazi ya ujima. Yasipofika, hali mtu.

Nguchiro akazunguka nyuma kimyakimya, akarudi na kata imejaa maji ya kijitoni. Mama Chubwi akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akayamwaga chini.

"Hayo yamebebwa, mwanangu. Mimi nataka yanayotembea."

Basi. Fuko akatangulia kuvunja udongo. Nungunungu akafuata kukata mizizi. Nguchiro nyuma anatupa nje. Aliyelegea alitukanwa na wenzake, si na bosi. Hata bosi mwenyewe, alipoanza kusimama kando kutoa maagizo, Mama Chubwi akamuuliza kama yeye amefunga. Ngiri akainamisha meno chini akalima. Walichimba, wakachimba, wakachimba, siku mbili, mpaka majembe yakabaki mipini na mipini ikabaki vijiti vya meno.

Mvua ilikuwa imeshapiga milimani. Wakakata ukingo wa mwisho, na maji yakaja. Yakaja yenye matope, Mama Chubwi akayaacha yapite. Yakaja yenye majani, akayaacha yapite. Yakaja meupe, akakinga, akainjika.

Usiku ule kijito kilinguruma nyuma ya nyumba kama mgeni aliyekosa mlango. Ndani, Mama Chubwi akaukunjua mkeka, akaupigapiga kwa kiganja ukatoa vumbi, akalala.

Ngiri siku hizi anazunguka vijiji akiwafundisha wenye kazi namna ya kuwatia watu hamu. Anaanza kwa kusema, "Mimi na chungu changu."

Hapo ndipo nimefikia, aliyeshiba asimulie wengine. Mnataka funzo? Kitu unachokituza ndicho utakacholetewa, basi angalia umetuza nini. Na kazi ya watatu isilishe mdomo mmoja.

Mimi nanyamaza sasa nihesabiwe ujira wangu, maana mwenye nyumba hii, Bi Tatu, aliniahidi kipande cha muhogo kwa kila mnyama nitakayemtaja.

Ah, nilisahau. Palikuwa na twiga pia. Palikuwa na kifaru. Na siafu, Bi Tatu, walikuja ukoo mzima, tuanze na yule wa mbele.