Sharti la Bwawani

Bwana Lukindo, tajiri mwenye bwawa, alivua kwa starehe tu. Kila akinasa samaki alimbusu, akamrudisha majini. Jirani yake Bi Chausiku, mpenda mchuzi, alipoomba naye avue, alipewa sharti.

"Hapa tunavua kwa huruma. Samaki arudi majini upesi, la sivyo hutakanyaga tena bwawani kwangu."

"Naapa, bwana. Hata jua halitamkausha mgongo."

Jioni tajiri alinusa ndimu na kitunguu, akaifuata harufu hadi nyuma ya mianzi. Bi Chausiku alikuwa anapuliza moto. Tajiri akafunua sufuria, akaona perege wawili wanatokota.

"Uliapa kuwarudisha majini."

"Na nimewarudisha, bwana. Ila maji ya bwawani ni baridi mno, nikawaonea huruma."