Rangi Iliyoazima Jina Jikoni

Wakati huo macho ya watu yalikuwa haya haya, na dunia ilikuwa na rangi zote tuzionazo leo, ila mdomo ulikuwa na maneno matatu tu ya kuzitaja: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Majani yalikuwa meusi. Mbingu nayo nyeusi, sawa na makaa. Damu, ndizi mbivu na vumbi la njiani vyote viliitwa vyekundu, na aliyetaka kujua wekundu upi alinyooshewa kidole akaambiwa, ule pale. Hakuna aliyeona tabu, kwa kuwa kila mtu alikuwa na macho na kila mtu alikuwa na kidole.

Tena kulikuwa na mwiko. Jina la kitu halikuazimwa. Ukisema kitu hiki kinafanana na kile, walisema, kile ulichokitaja kitaona kimenyang'anywa jina lake na kitaondoka. Ukifananisha kitu na mtama, mwakani mtama hauoti. Nani aliwahi kujaribu? Hakuna. Lakini miiko mingi huishi hivyo hivyo, kwa watu kuogopa kuijaribu.

Katika kijiji cha Ukinduni alikuwapo msichana aitwaye Mize, binti wa Bi Kazija. Mize hakuwa mtu wa kutulia. Akipewa kigoda hukikalia kidogo, kisha huyo amekwenda mlangoni kuchungulia, amerudi, amechochea moto usiohitaji kuchochewa. Mama yake alikuwa akimwambia kwamba atazaa watoto akiwa njiani.

Mwaka ule Mize alikuwa ameposwa, na hapo ndipo alipokosa hata ule utulivu mdogo aliokuwa nao. Desturi ya Ukinduni ilitaka bibi harusi aende kwa mumewe na mkeka, na katika mkeka huo ukili mmoja, yaani utepe mmoja wa ukindu uliosukwa, uwe na rangi ya ukoo wa mama yake. Mavyaa, mama wa mume, ndiye aliyeukunjua mkeka mbele ya watu. Akiitambua rangi, bibi harusi aliketishwa. Asipoitambua, alirudishwa kwao siku hiyo hiyo, maana nani ajuaye ametoka tumbo la nani?

Rangi ya ukoo wao ilitoka kwenye magome ya mkandaa, mti wa mikokoni. Magome huchemshwa, ukindu hutiwa chunguni, na kazi yote iko katika kujua wakati wa kuutoa. Bi Kazija alikuwa akimwonyesha kwa kidole tu: hapo, toa. Sasa moshi wa vyungu ulikuwa umemaliza macho yake, na katika ukoo ule hakuna mwingine aliyebaki. Mkeka wake mwenyewe wa harusi ulikuwa umezikwa pamoja na marehemu mumewe. Na mtu wa ukoo mwingine hakuruhusiwa kukiangalia chungu kabla ya harusi.

Basi Mize alichemsha peke yake. Akakimbia ndani kumwambia mama kwamba ukindu umekuwa mwekundu. Bi Kazija akauliza, mwekundu upi? Mize akarudi mbio chunguni, akatazama, akarudi tena ndani bila neno la kuleta. Mama mtu akainua kidole, kwa mazoea, akakinyoosha kwenye ukuta. Mize alikitazama kile kidole kisichoonyesha kitu, akatoka nje akalia.

Fungu la kwanza la ukindu liliungua likawa kama limepakwa masizi. La pili alilitoa mapema kwa woga, likapauka. Likabaki fungu moja. Mize hakulala vizuri wala hakula vizuri, akawa anazunguka ua mpaka kuku wakamchoka.

Siku moja alikuwa anapika kunde. Alipoyamwaga maji ya kwanza, jua likayapiga yakitiririka, na mkono wake ukasita. Akayakinga yaliyobaki kwa upawa. Akaingia nayo ndani, akamchovya mama yake vidole.

Bi Kazija akanusa. "Kunde," akasema. "Mbona unanitia vidole kwenye kunde?"

"Mama, rangi yetu ni kama haya?"

Yule mama aliuvuta mkono wake. Akamkumbusha mwiko, akamwambia kwamba kunde ndizo zinazowalisha, na zikiondoka watakula nini, mkeka? Mize akajibu kwamba asipoolewa atarudi kuzila hizo kunde mpaka azeeke, na mama akifa rangi itakwenda naye. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakaa kitako akangoja.

Bi Kazija akavirudisha vidole kwenye upawa. Akavizungusha polepole.

"Maji ya kwanza," akauliza, "kabla ya tui?"

"Kabla ya tui."

"Ndiyo hayo. Mwanangu, nayaona." Na machozi yakamtoka, kwani tangu macho yafe hakuwa ameona rangi yoyote. Mize akauweka upawa kando ya chungu cha magome, na lile fungu la mwisho akalitoa pale lilipofanana na maji yale.

Siku ya harusi mavyaa aliukunjua mkeka, akaupitisha mkono juu ya ule ukili, akaukazia macho. Akasema ndio wenyewe. Kisha, kwa kuwa alikuwa mjanja, akauliza mtoto wa mama asiyeona ameipataje rangi. Mize angeweza kudanganya. Akasema mbele ya wote kwamba ni rangi ya maji ya kunde. Watu wakaangaliana. Mavyaa akafikiri kidogo, akamketisha, lakini akaagiza kwamba msimu ukifika wote wataliangalia shamba la Bi Kazija.

Msimu ulifika. Watu wakapita pale asubuhi na jioni, wakijifanya wanatafuta mbuzi. Kunde zikaota. Zikaota kwa wingi hata Mize akawagawia wapelelezi wake.

Na tangu siku hiyo watu waliacha kuogopa, wakaanza kuazima. Majivu yakatoa kijivu, kahawa ikatoa kahawia, mzambarau na mchungwa ikatoa matunda na rangi kwa pamoja. Hadi leo mtu mwenye ngozi isiyo nyeusi sana wala nyeupe huitwa wa maji ya kunde, na watu wawili hubishana ni kunde za jiko gani. Hata yale maneno matatu ya kale hayakusalimika: fungua kamusi utafute nyekundu, utaambiwa ni rangi kama ya damu. Usiicheke. Kamusi haimwoni anayeisoma, wala haina kidole cha kumnyooshea. Inafanya alivyofanya Mize: inainuka, inakwenda jikoni, inarudi na upawa, inakuuliza ni kama haya.